Kwa Nini Mbao za Mkongani Hazina Alama

Ilikuwako enzi ambayo kila ubao wa njia ya ukingoni hapa Mkongani ulikuwa na mwenyewe. Njia ni hii hii mnayoijua, iliyosimamishwa juu ya nguzo kando ya mto, toka kivukoni mpaka sokoni. Lakini wakati ule kila nyumba ilitandaza ubao wake mmoja, ikachonga alama yake pembeni, na chini ya ubao huo ndipo walipofunga mtumbwi wao na kuteka maji yao. Ukiulizia kwa fulani, hukuonyeshwa mlango. Ulionyeshwa ubao.

Na sheria yake ilikuwa ngumu. Msinitazame hivyo, si mimi niliyeitunga. Ubao ulitandazwa na mwanamume wa nyumba hiyo, basi. Jirani akikutandazia, hata kwa huruma, nyumba yako ilihesabiwa imekwisha, na sehemu yako ya mto ikawa yake. Kwa hiyo mtu mwenye adabu hakusema neno juu ya ubao wa mwenzake. Akiuona mbovu aliuruka, akatazama kando, akaendelea na safari yake.

Habona alikuwa mfinyanzi, mke wa Maro mchonga mitumbwi. Maro alikufa kwa homa mwaka wa mvua nyingi, akamwachia mwana mmoja tu, Dhadho, ambaye alikuwa juu ya mto huko, mwendo wa siku nne, akikata magogo. Habona akatuma salamu: baba yako hayupo tena, njoo utandaze ubao. Jibu likaja kwamba atakuja, ila anatafuta mti wa mbambakofi ulionyooka, maana hataki kumwekea mama yake ubao wa ovyo ovyo. Habona akafurahi, akangoja. Yakavunwa mahindi, ukavunwa mpunga.

Ubao haukungoja. Asubuhi moja Habona aliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Alishikwa na hofu: ubao ukianguka, jirani angeziba pengo, na nyumba ingehesabiwa imekwisha. Yeye mwenyewe angeweza kuteka maji hata kwenye dimbwi, lakini Dhadho je? Mwanawe arudi akute kwao hakuna tena pa kufungia mtumbwi, na alama ya baba yake imekwisha kung'olewa?

Akafanya alilolijua. Alichukua udongo wa kufinyangia vyungu, akauchanganya na pumba na majivu, akaziba matundu yote, akalainisha kwa kokoto kama anavyolainisha shingo ya mtungi. Kisha akapaka maji ya magome mpaka rangi ikafanana na ya mti. Kila alfajiri alikwenda kurudishia palipopasuka. Alikuwa hodari mno wa kazi ile, na uhodari wake ndio uliomponza.

Watu walijua. Msidhani hawakujua. Komora, mwenye ubao wa jirani, alikuwa akiona vidole vya Habona vyenye udongo na kujifanya anatazama nyavu. Wanawake wenye mitungi kichwani waliuruka ubao ule bila kukatiza mazungumzo. Walipokutana naye walimsalimu vizuri kuliko kawaida: "Mama Dhadho, hujambo? Nyumbani salama?" Naye akajibu, "Salama tu." Walimpenda sana, ndiyo maana wakanyamaza. Mimi nikikumbuka hapo hukasirika hadi leo.

Dhadho alifika siku ya soko, jua liko utosini. Aliacha mtumbwi kivukoni, akaja kwa miguu juu ya njia, begani ana ubao wa mbambakofi mnene wa kuinuliwa na watu wawili. Wanawake wakapiga vigelegele. Komora alikuwa amekaa pale pale. Alifungua kinywa, kisha akawaza: huyu ni mwana wa nyumba, atakuwa ameambiwa, na kumtajia ubovu wa kwao mbele ya soko zima ni kumvua nguo mama yake. Akafunga kinywa.

Habona alimwona kutoka upande wa sokoni. Akaanza kukimbia, mikono juu, akiita, "Ruka! Mwanangu, ruka!" Vigelegele vilimeza sauti yake. Dhadho alidhani mama anashangilia. Akaitafuta kwa macho alama ya baba yake, akaikanyaga huku anacheka. Udongo ukaachia, na uzito wa begani ukamzamisha moja kwa moja. Mamba walikuwa wamezoea kulala chini ya njia, kwa kuwa hapo ndipo tulipotupa matumbo ya samaki. Kilichoopolewa ni mbambakofi peke yake.

Siku ya tatu ya msiba wazee walikwenda kwa Habona. Komora ndiye aliyesema, kichwa ameinamisha. "Mama Dhadho, tuliuona. Tuliona haya kukuambia."

"Mliuona wangapi?"

"Sote."

"Nami niliwaona mkiruka," akasema Habona.

Akainuka, akachukua tezo la kuchongea mitumbwi la marehemu mumewe, chombo asichoruhusiwa mwanamke kukigusa, akaenda mpaka kivukoni. Akapiga magoti kwenye ubao wa kwanza, akaichonga alama ikatoka. Akaenda wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyemzuia. Alipofika kwa Komora viganja vyake vilikuwa vinatoka damu, na Komora mwenyewe akaushika ubao wake usitikisike. Aliumaliza wa mwisho, wa sokoni, magharibi inaingia.

Na toka jioni ile mbao za Mkongani hazina alama wala mwenyewe, na hazipakwi kitu, si udongo si rangi. Anayeona ubovu haruki. Husimama hapo hapo akaita, hata kama bwana harusi anapita. Na mtu wa kwanza kumsikia ni lazima amuulize, "Wa nani?"

Naye hujibu, "Wa Dhadho."

Ndipo walio karibu huacha shughuli zao wakaenda kuung'oa.