Mkia wa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imetoka kwenye mdomo uliojaa muhogo. Mezeni kwanza. Na nyie wakubwa wa huko nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto, itikieni pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wachimbaji walikaa ukingoni mwa Mto Songoro. Nungunungu alikaa hapo, Muhanga alikaa hapo, na Ngiri alikaa hapo na mkewe na watoto wao wanne. Shimo la Ngiri lilikuwa kubwa kuliko yote. Babu yake alilichimba, baba yake akalipanua, yeye akalirithi.

Sasa, ngiri haingii shimoni kama mimi na wewe tunavyoingia nyumbani. Huingia kinyumenyume. Mkia hutangulia, kichwa hufuata, meno hubaki mlangoni yakimngoja adui. Ndivyo walivyofundishwa na wazee wao. Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

Siku moja akaja Korongo. Alikuwa ametumwa na Tembo, mtawala wa nchi ile, apange mambo ya mto. Akaruka juu ya ukingo, akaenda, akarudi. Akatua, akapima kwa miguu yake mirefu, ti, ti, ti. Kisha akawaita wenyeji.

"Maji yanakula ukingo," akasema. "Nimeona kutoka juu. Kwa hiyo hapa asichimbe mtu tena. Tutapanda matete yashike udongo. Kila mwezi mwandamo kila nyumba italeta kapu la viazi mwitu, hiyo ndiyo kodi, ili wapandaji wapate kula. Na nyinyi mtahamia Kilima Kipara. Nafasi iko tele, nimeiona."

"Umeiona kutoka juu?" akauliza Nungunungu.

"Kutoka juu."

Nungunungu akasimamisha miiba, cha-cha-cha. "Yaani tulipe viazi, halafu tuhamishwe kwa viazi vyetu wenyewe."

Korongo akakunjua mabawa. Akaruka, akaenda zake.

Ngiri akaitisha mkutano. Akapanda juu ya kichuguu akasema, "Ndugu zangu, babu yangu hakulipa kodi ya ukingo. Baba yangu hakulipa. Leo anakuja mtu anayelala kwa mguu mmoja majini, hajachimba hata tundu la panya, anatufundisha mashimo. Tumeshindwa kuishi hapa sisi?"

"Hatujashindwa," wakajibu.

Wakaimba, wakapiga miguu chini, ndi, ndi, ndi:

*Babu alichimba, ndi!*
*Baba akachimba, ndi!*
*Nasi tunachimba, ndi!*

Ulikuwa wimbo mzuri, sisemi uongo. Hata Muhanga, ambaye huwa hasikiki akisema neno, siku hiyo aliimba.

Ngiri akarudi nyumbani amefurahi. Akaingia shimoni kinyumenyume. Mkia ukatangulia, ukagusa chini, chwa. Ukaloa.

Mkewe akamwambia, "Baba Kitinda, huku ndani kuna maji. Jana ulikuwa unyevu tu, leo ni maji. Huyu mdogo wetu Kitinda anakohoa. Tuhame tukachimbe kule kwenye miombo, mbali na mto, kuna udongo mwekundu."

"Tutahama," akasema Ngiri. "Baada ya mkutano aliouitisha Tembo kuhusu ukingo. Nikihama sasa, Korongo atasema nini?"

Siku ya mkutano ikafika. Tembo akakaa, wanyama wakakaa. Ngiri akakaa pia, akaukalia mkia wake, maana ulikuwa bado umeloa.

Akasema, "Mtukufu, sisi si wakaidi. Twende Kilima Kipara. Korongo atuonyeshe mahali pa kuchimba shimo moja tu. Tukilichimba, tutalipa na tutahama."

Wote wakaenda kilimani. Ngiri akainamisha kichwa, akachimba. Kwa! Jiwe. Akasogea. Kwa! Jiwe. Akasogea tena. Kwa! Ncha ya jino ikakatika. Kilima kizima kilikuwa mwamba, na udongo juu yake ulikuwa mwembamba kama ukoko wa ugali.

Wanyama wakacheka. Korongo akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine.

"Korongo," akasema Tembo, "hukuwauliza wachimbaji?"

"Sikuwauliza, Mtukufu. Nilipita juu."

"Basi kuhama kumefutwa."

"Na kodi?" wakauliza wanyama.

"Nayo imefutwa."

"Mtukufu," akasema Korongo, "kuhusu kilima nimekosea, nakiri. Lakini ukingo unaliwa kweli. Acheni kuchimba pale. Tupande matete, angalau matete tu." Akamgeukia Ngiri. "Wewe ndiye unayeishi pale. Niambie mbele ya hawa, shimo lako ni kavu?"

Mama Ngiri akamtazama mumewe. Ngiri akatazama watu wake, jinsi walivyokuwa wakimngoja. Akakaa chini, juu ya mkia.

"Kavu," akasema.

Wanyama wakashangilia. Matete nayo yakafutwa. Ngiri akabebwa juujuu mpaka mtoni, babu alichimba, ndi, baba akachimba, ndi.

Jioni mkewe akasema, "Mkutano umekwisha. Tuhame."

"Mama Kitinda, leo nimesema shimo ni kavu. Kesho wanione nabeba watoto nahama? Subiri wasahau kidogo."

Mkewe akasubiri. Mvua haikusubiri.

Ilinyesha huko juu, milimani, hapa mtoni jua likiwaka. Mchana, Ngiri akiwa malishoni na watoto wakiwa wamelala shimoni, mto ukaja na rangi ya matope. Ukingo ukapasuka, pwaa! Nungunungu akatoka. Muhanga akatoka. Mama Ngiri akaingia kwa kichwa, jambo ambalo ngiri hafanyi, akatoka na mtoto. Akaingia tena, akatoka na wawili. Alipogeuka mara ya tatu, shimo halikuwepo. Kitinda hakuonekana tena.

Maji yalipopungua, Korongo akaja akasimama kando ya Ngiri. Wakautazama mto.

"Ulijua kilima ni mwamba?" akauliza Ngiri.

"Sikujua. Ningewauliza ningejua." Korongo akamgeukia, akauliza, "Na wewe, ulijua shimo lina maji?"

Mama Ngiri ndiye aliyejibu. "Alijua. Mkia wake ulijua tangu siku ya wimbo."

Ngiri akainuka. Akauinua mkia wake juu, wima, mbele ya wote. Akaondoka mbio kuelekea kwenye miombo, mkewe nyuma, na watoto waliobaki nyuma ya mama yao, mikia yote juu.

Mpaka leo, ukimwona ngiri anakimbia, tazama mkia. Ameuinua ili kila mtu aone kama ni mkavu au umeloa.

Wakubwa wa huko nyuma, hili ni lenu. Anayepanga na aulize kwanza, kuuliza si ujinga. Anayepinga naye aseme kweli yote, hata ile inayomfaa mpinzani wake. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, na hadithi imeishia hapo.