Funguo Zilizofungwa Kitambaa

Cha, cha, cha. Funguo hizo, ukumbini, saa saba za usiku, na mwanamke aliyekuwa akimbembeleza mwanawe akakata wimbo kama aliyezibwa mdomo.

Alikuwa suria wa mfalme mmoja mkubwa, Mcherkasi kwa kabila, kaletwa mdogo kutoka milima ya mbali yenye theluji. Siku aliyoingia jumbani walimvua jina lake wakamvika jingine, Gulnazi, wakamwambia: lugha yako iache mlangoni pamoja na viatu. Atakayemsemesha mtoto wa mfalme lugha ya kigeni, mtoto atachukuliwa, apewe mama mwingine. Basi mchana akawa Gulnazi, anacheka wanapocheka, anainama wanapoinama. Lakini usiku, mtoto akigoma kulala, wimbo aliokuwa nao ni wa mama yake tu. Angeimba nini, dada zangu? Wewe ungeimba nini?

Kila usiku ni hivyo. Anaanza, funguo zinalia, ananyamaza. Mwenye funguo ni bibi mmoja mkali, msimamizi wa wanawake wote wa jumba, hata mabinti wa mfalme wakimwona hujitengeneza shungi. Gulnazi, mama wa watu, hajalala miezi minne. Amechoka hadi uchovu wenyewe umemchoka.

Usiku mmoja funguo hazikulia. Akashukuru, akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akageuka, na bibi huyo hapo mlangoni!

Akapiga magoti. "Bibi, nakuomba, usinichukulie mwanangu, nimekosa, ni usingizi tu bibi, sitarudia..."

"Taratibu. Utamshtua mtoto."

Bibi akatoa mkono chini ya shali. Funguo zote kazizungushia kitambaa, hazina hata sauti. "Kila nikija kusikiliza, hizi zinanitangulia, nawe unakata. Leo nimezifunga." Akaketi sakafuni, anashika kiuno. "Mimi pia ni wa milima ile. Mwaka wa arubaini huu nimo humu. Ubeti wa mwisho umenitoka. Umalizie, mwanangu."

Jamani! Miezi minne huyu anatetemeka ndani, yule anasikiliza nje, kati yao ubao wa mlango tu. Na sisi je? Si tumeketi hapa mikeka imegusana, na kila mmoja ana wimbo anaoukata akisikia hatua za mwenzake? Tunaogopana, na kuogopana kunatuchosha kuliko kazi. Tena tunatembea tukizitikisa hizo funguo: nimesikia ya mumeo, nimesikia ya mwanao. Nani atakufungulia moyo wake hivyo? Ukimwendea aliyeelemewa, zifunge kwanza funguo zako.

Gulnazi aliuimba hadi mwisho. Bibi alipoinuka, akamshika pindo. "Utasema, bibi?"

Bibi akamjibu kwa lugha ya kwao, mara ya kwanza tangu utoto wake: "Nimesikia mimi. Hatasikia mwingine."