Pimbi Aliyekataa Kuchoma Kilima

Nikiita, mtaitika?
Ita, tumeshakaa!
Nikisimulia, mtasinzia?
Simulia, tuko macho!

Hapo kale, Mungu aliotesha buluberi, yale matunda madogo ya buluu, kwenye kilima cha baridi. Vichaka vyake havikupita goti. Kilima kilikuwa cha mama yake Pimbi. Kila baada ya mavuno, mama alichoma nusu yake: mwaka huu upande huu, mwaka ujao upande ule.

Mama akafariki. Jirani yao, Bi Nungunungu, akaja na kijinga cha moto.

"Pimbi, tuchome."

"Nichome mali ya mama? Sichomi!"

Magugu yakaingia. Pimbi akavuna kapu.

"Pimbi, tuchome."

"Sichomi!"

Vichaka vikazeeka. Akavuna bakuli.

"Pimbi, tuchome."

"Sichomi, nimesema!"

Akavuna kiganja.

Ndipo bintiye Mashavu akaposwa. Na kwa desturi ya pimbi, bwana harusi hapewi mke mpaka ukoo wake ushibe buluberi za kwao bibi harusi. Wakwe wakaja, wakaoneshwa kile kiganja.

"Hizi za kula au za kutia machoni?" akacheka shangazi wa bwana harusi. "Tutarudi zikijaa. Zisipojaa, wasichana hawajaisha!"

Mashavu akalia. Bi Nungunungu akachimba kwa kucha, akaonesha mizizi minene, mibichi.

"Moto unakula magugu na matawi makuukuu. Uhai uko huku chini, hauguswi."

Pimbi akapiga magoti.

"Ee Mola, nimekosa. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ukaidi. Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Lete moto!"

Wakangoja ardhi inywe mvua na upepo utulie. Wakafyeka ukanda kuzunguka nusu ya kilima ili moto usivuke, wakatandaza majani makavu juu ya vichaka, wakachoma. Moto ukapita mbio. Pimbi angekuwa na mkia, angeufyata.

Mvua ikanyesha, machipukizi yakatoka. Msimu mwingine ukaja na matunda: kapu, kapu, kapu! Wakwe wakarudi wakala, shangazi akala mpaka akalegeza kanga kiunoni. Vigelegele! Mashavu akaolewa.

Enyi wasikilizaji, mkipenda shamba lenu, msiogope kulipunguza matawi. Mungu ameficha mengi chini ya udongo.

Nami harusini nilikuwapo. Anayebisha asogee, nimtolee ulimi: bado ni wa buluu!

Ngano nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.