Kwa Nini Mnana Huanza Nyumba kwa Kitanzi

Kabla mito haijazoea njia zake, mnana hakumwonyesha yeyote nyumba ambayo haijakamilika. Ndege huyo wa manjano alijificha kwenye matete, akafuma majani mwanzo hadi mwisho, ndipo akamwita mkewe aingie. Aliona hiyo ndiyo heshima ya fundi.

Mwaka mmoja mkewe, Siwema, alikuwa karibu kutaga na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya. Kila alipochungulia, Mnana alimfukuza.

"Ngoja iishe, mke wangu. Utashangaa!"

Akashangaa kweli. Nyumba ilikuwa laini, haina hata pengo, ila mlango ulitazama juu.

"Baba watoto," Siwema alisema polepole, "mvua si itatuingilia humu humu?"

Tetere, njiwa jirani yao, akaangua kicheko. "Shemeji, umefuma nyumba au mtungi?"

"Wewe mwenye kiota cha vijiti viwili vitatu, nyamaza!"

Mnana alivuta jani moja ili ageuze mlango. Jani likavuta jingine, hilo nalo likavuta la tatu, na nyumba nzima ikamporomokea miguuni. Alitazama mawingu, akajiinamia. Mayai yangetagwa wapi?

Siwema hakumgombeza. Alichuma jani bichi, akamletea mdomoni. "Funga kitanzi tu. Nikae kwanza."

Mnana aliona haya kuonyesha kitu kisicho na paa wala ukuta, lakini akafunga. Siwema akakikalia, akabembea. "Kinapwaya huku." Mnana akakaza. Akaweka paa, Siwema akatikisa tete la juu, umande ukamdondokea shingoni. "Bado." Mnana akafumua pale pale palipovuja, akafuma upya, na moyo wake ukaanza kutulia. Kumbe kufumua kidogo hakuumi.

Mvua ilishuka mlango haujaisha. Siwema alikuwa ndani, mkavu, amekwisha kutaga.

"Kizingiti bado," Mnana alinong'ona.

"Utamalizia kesho. Mimi nimeshahamia."

Nje, Tetere alikuwa amelowa chapachapa. "Hodi, shemeji! Huo mtungi wenu una nafasi?"

Na tangu siku hiyo mnana huanza kwa kitanzi, akaning'inia hapo akipiga mabawa na kumwita mkewe aje akague. Akikataliwa, hufumua na kuanza tena, huku anaimba. Ukipita mtoni ukakuta majani mabichi yametapakaa chini ya matete, ujue kuna mke huko juu amesema bado.