Mkono Ulioinuliwa Haujabeba

Mkono ulioinuliwa haujabeba. Neno hilo mmelisikia leo kanisani, mama mmoja alipolitamka wakati watu wanajitaja kufagia uwanja, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Si neno la kuchekea, wanangu. Lina kaburi lake, na kabla ya kaburi palikuwa na uvumi.

Uvumi huo mama mmoja aitwaye Namsifu aliukuta kwenye mashine ya kusaga pale Mrindo, milimani huku kwetu Upare. Mwanamke mmoja wa bondeni, huku akijipangusa unga usoni, alisema dawa ya kifafa iliyokuja karibuni inalaza watoto.

"Wa dada yangu kapewa asubuhi, kaamka jua linazama. Unamwita, anakutazama kama hakujui."

"Wewe nawe!" mwenzake akamkata. "Mwezi uliopita ulisema chumvi ya duka la juu ina chokaa. Mbona bado tunaila?"

Watu wakaangua kicheko. Namsifu naye alicheka, akajitwisha unga wake akaondoka. Njiani kicheko kilikwisha, uvumi ukabaki. Aliufukuza kama mtu afukuzavyo nzi kwenye kidonda: unaruka, unarudi palepale.

Maana binti yake Kadeghe alikuwa na kifafa. Alikuwa mtoto wa chekechea, wa maswali mengi, na begani alikuwa na kovu la siku alipoangukia mafiga. Tangu aanze dawa ya maji ya zahanati, hakuanguka tena. Ndiyo sababu Namsifu hakuthubutu kuikatiza kwa neno la mashineni. Alikwisha kuonywa: ukiikatiza ghafla, kifafa hurudi na hasira.

Dawa ile ilipimwa kwa kompyuta. Muuguzi, Bi Zuhura, humpima mtoto kwenye mizani, huandika uzito, na kompyuta humwambia achote kiasi gani. Programu yenyewe ilikuwa huria. Walioiandika wako mbali na wanaitoa bure kwa yeyote. Kompyuta nayo iliendeshwa na Linux, ile programu mama inayobeba programu nyingine zote, ambayo pia ni ya bure. Lakini cha bure hakiji kimepikwa. Programu ya namna hiyo huja kama mahindi yenye maganda. Lazima apatikane mtu wa kuyamenya, kuyapukuchua na kuyakoboa, halafu aifunge iwe kifurushi kinachokaa sawa ndani ya Linux ya zahanati. Na kila waandishi wanaporekebisha kosa, kifurushi kifungwe upya. Kisipofungwa, rekebisho linabaki kulekule mbali, na zahanati inaendelea na kosa lake.

Wa kufunga walitafutwa na Eliakimu, fundi simu wa pale sokoni. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na moyo, na alifikiri kama Mpare: kazi ya wote ni msaragambo. Mababu zetu walipokwenda kusafisha ndiva, yale mabwawa ya maji ya mifereji, pembe ililia na kila nyumba ikatoa mtu. Lakini mzee wa kazi alipita na fimbo akipima. Kutoka hapa mpaka jiwe lile, nyumba ya Mbwambo. Kutoka jiwe mpaka mgomba, nyumba ya Mshana. Kipande cha kila mtu kilionekana kwa macho, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza. Kumuuliza mtu wa msaragambo "umefanya?" ilikuwa kuitukana nyumba yake.

Eliakimu alichukua pembe, akachukua na adabu ile ya kutouliza. Fimbo akaiacha.

Alipita vyuoni na mashuleni akiita watu wenye ujuzi wa kompyuta, na siku ya kukutana wakajaa darasa zima. Namsifu ndiye aliyewapikia makande. Alisimama mlangoni na upawa mkononi, akasikia Eliakimu akiuliza kama wagawane kazi, kila mtu na chake.

Kijana mmoja wa mdomo mwepesi, Mgonja, akajibu, "Kiongozi, vipande ni vya watoto wa shule. Sisi watu wazima, tutaonana kazini!"

Wakapiga makofi. Eliakimu akauliza nani yuko tayari kukitunza kifurushi siku zote, kila rekebisho linapotoka. Mikono ikainuka kama shamba la mtama. Namsifu alifurahi hadi machozi. Aliona mikono yote ile, akajiambia, mwanangu ana watu. Kifurushi cha kwanza kilifungwa siku ileile, wote wakiwa wameizunguka meza moja, Eliakimu naye akijifunza. Wakapiga picha, mikono juu, wakala makande, wakatawanyika.

Kisha chupa zikabadilika. Dawa ileile, jina lilelile, lakini sasa ilikuja kali maradufu, ili kijiko kimoja kifanye kazi ya viwili. Programu ya zamani haikulijua hilo. Waandishi wake waliliona mapema, wakarekebisha, wakatangaza. Eliakimu akalipeleka tangazo kwenye kundi lao la simu: "Jamani, kuna rekebisho la dozi, ni la haraka. Nani anafunga?"

Mikono ikainuka tena, vile vipicha vya mikono vya kwenye simu. Mgonja akaandika, "Tupo pamoja, kiongozi." Kila mmoja aliiona mikono ya wenzake, akaweka simu mfukoni, akaendelea na shughuli zake. Eliakimu akashukuru. Hakuuliza tena.

Sasa turudi kwa Namsifu na uvumi wake. Alipofika nyumbani alimkuta Kadeghe amelala kwenye mkeka, na chai yake imepoa pembeni. Akamtikisa. Mtoto akafumbua macho, akasema, "Mama, miguu mizito," akalala tena. Namsifu alimwachia jirani, akashuka mbio hadi sokoni kwa Eliakimu.

"Karibu, mama Kadeghe. Simu imekufa?"

"Simu nzima. Baba, ile kompyuta ya dawa, mnaiangalia?"

"Tunaiangalia sana. Hata juzi limetoka rekebisho, la dozi."

"Limeshaingia zahanati?"

"Watu wameitikia, mama. Mikono ilijaa."

"Nani?"

Eliakimu alitua bisibisi mezani. "Nani vipi?"

"Nani aliyefunga. Nitajie mmoja."

"Ah, mama yangu." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Hao wamejitolea. Hawalipwi hata maji ya kunywa. Nitaanzaje kumwambia mtu wa kujitolea, hebu nionyeshe ulichofanya? Ungekuwa wewe, siku ile ya makande, ningekuja kuuliza kama umetia chumvi?"

Wauza nyanya wa jirani walikuwa wanasikiliza. Mmoja akadakia, "Mama Kadeghe, waache vijana wa watu, wanatusaidia!" Namsifu aliona uso unamwaka. Yeye naye ni Mpare, adabu ile aliinyonya kwa mama yake. Akaomba radhi. Akapitia zahanati, na Bi Zuhura akamfungulia kompyuta palepale.

"Tazama mwenyewe. Uzito wa mtoto huu hapa, dozi hii hapa. Mimi huchoka, nikakosea. Hii haichoki."

"Ila chupa si kama ile ya kwanza, dada. Kifuniko kingine."

"Chupa hubadilika kila siku. Kompyuta inajua. Wangekuwa na jambo, wale vijana wangeshaniambia."

Namsifu akarudi nyumbani akijilaumu kwa umbea. Jioni akachota dawa kama alivyoelekezwa. Asubuhi akachota tena. Adhuhuri Kadeghe alikuwa anapumua kama mtu anayesahau kupumua. Namsifu alimfunga mgongoni kwa khanga, akashika njia ya zahanati. Alipofika kwenye mfereji wa juu, alihisi mzigo mgongoni umebadilika uzito. Aliyezaa atanielewa. Hakusimama. Alimfikisha hivyohivyo, akampandisha mezani kwa Bi Zuhura, akasema, "Mpime."

Walizika. Siku ya matanga uwanja ulijaa, na wale vijana wa kompyuta walikuja wote, kwa heshima zote. Eliakimu alikuja wa mwisho, macho mekundu. Alikuwa ametoka zahanati. Akasimama mbele ya wenzake, akauliza:

"Rekebisho halimo. Nani alifunga?"

"Mimi nilijua Mgonja," akasema mmoja.

"Mimi?" Mgonja akaruka. "Mimi niliona mikono mingi, nikajua imeisha. Nilidhani wewe mwenyewe, kiongozi."

"Mimi niliwashukuru," akasema Eliakimu. "Nilidhani nawashukuru kwa kazi."

Bi Zuhura alijifunika uso kwa mtandio, akalia kwa nguvu. Ndipo mtu mmoja mwenye nia njema akasimama akasema yasilaumiwe yaliyopita, kuna watoto wengine bado wanaitumia dawa hiyo. Akauliza nani yuko tayari kuifanya kazi ile leo.

Mikono ikainuka. Yote. Hata ya wazee wasiojua kompyuta inafunguliwa wapi.

Namsifu alitoka ndani, khanga ya mgongoni bado imefungwa kiunoni mwake. Aliitazama mikono ile kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Shusheni," akasema.

Hawakumwelewa.

"Shusheni mikono. Niliiona siku ya makande, ilikuwa hivihivi. Nikaiamini. Mwanangu nimempandisha mimi mpaka kule, peke yangu, mikono hii ikiwa juu. Mkono ulioinuliwa haujabeba."

Ikashuka mmoja mmoja. Akauliza, "Nani?"

Kisha Eliakimu akasema, "Mimi. Bi Zuhura asiiguse ile kompyuta, asome chupa kwa macho yake. Kesho kabla ya mchana kifurushi kitakuwa kimeingia. Uje uniulize, mama."

"Nitakuja."

Alikwenda. Kilikuwa kimeingia, na watoto waliobaki walipona, hata yule wa bondeni wa kwenye uvumi. Namsifu aliendelea kwenda, kila aliposikia limetoka rekebisho jipya, anasimama mlangoni kwa fundi na kuuliza, "Umefanya? Nionyeshe." Wageni sokoni walimwona mkorofi. Eliakimu hakuwahi kukasirika, alimgeuzia kompyuta akamwonyesha.

Sasa mnakwenda mjini kusomea mashine hizo, na najua mtaitwa kujitolea, na mtaitika, maana ndivyo nilivyowalea. Sina elimu ya kuwazidi, nilimaliza la saba tu. Lakini haya myaepuke:

Usiitike kazi kabla hujajua kipande chako kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Usimwachie "wenzangu". Wenzangu hana jina, hana simu.

Usishukuru kabla hujaona.

Usione haya kuuliza, wala usikasirike ukiulizwa, hasa na mama wa mtoto.

Ukishindwa, usinyamaze. Sema mapema, apatikane mwingine.

Usidharau uvumi wa mashineni mpaka umeufuata hadi mwisho.

Na usiinue mkono kwa sababu wa jirani yako umeinuka. Mkono ulioinuliwa haujabeba.