Jagi na Mkono wa Pili

Mashahidi wote wanakubaliana juu ya mambo haya: kwamba mtu mmoja alikuwa na shule mlimani, kwamba mlangoni mwa jiko la shule hiyo palikuwa na jagi la maji, beseni na sabuni ya mche, na kwamba, pamoja na hayo yote, watoto waliendelea kuharisha. Juu ya mengine wanatofautiana, nayo yatatajwa kwa tahadhari.

Mtu huyo aliitwa Mwalimu Mbwambo. Jiko lile alilianzisha yeye, akipita nyumba hata nyumba kuomba maharage, kwa sababu aliwajua wanafunzi ambao ugali wa shule ndio uliokuwa chakula chao cha kwanza cha siku. Sasa wazazi walikuwa wamekwisha kusema: jiko ndilo linaloleta maradhi, yasipokoma kabla ya mkutano ujao, lifungwe. Mwalimu akatunga sheria. Kila mtoto anawe, na asiyenawa asile. Akasimama mlangoni, akakagua. Watoto ni wepesi wa kuichunguza sheria kuliko wanavyodhaniwa, na upesi waliona kwamba kilichokaguliwa ni mkono wa kulia tu, ule unaomega tonge. Basi walishika jagi kwa mkono wa kushoto, wakaumwagia maji wa kulia, wakauonyesha, wakapita. Sheria ilitimizwa kila siku. Matumbo yaliendelea kuuma.

Mkutano ukiwa bado mbali kidogo, bibi mmoja aitwaye Nakijwa alimwalika mwalimu chakula cha mchana. Mjukuu wake Namkunda, wa darasa la kwanza, alileta jagi na beseni, akapiga goti kama alivyofundishwa, maana katika nyumba zile mgeni hajinawishi, hunawishwa. Mwalimu akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki gotini. Maji hayakutoka.

"Na huo mwingine, mwalimu?"

"Wewe!" bibi akang'aka. "Mgeni anakaguliwa?"

Lakini mwalimu alicheka mpaka machozi yakamlenga, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amekaguliwa. Akaleta mikono yote miwili, akamuuliza mtoto kama shuleni naye hunawa yote miwili. Namkunda alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Shuleni, nani ananimiminia?"

Mwalimu aliitazama mikono yake ikisuguana chini ya maji, akaelewa jambo ambalo sheria yake haikuwa imeliona: mwenye kujimiminia mwenyewe, mkono wake mmoja ni lazima ubaki na jagi. Na kila aliyefuata alikuwa akishika kishikio kilekile, kilichotoka kwenye mkono ambao haukuoshwa.

Kesho yake hakukagua mtu. Mpishi alimnawisha yeye, mikono yote. Yeye akalichukua jagi, akamnawisha wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza akamnawisha wa pili. Na hivyo jagi likashuka foleni nzima likishikwa na mikono iliyokwisha kunawa. Haikuwa kazi ya kimya. "Mimina taratibu, mimi si mchicha!" "Hebu sugua hizo kucha, au umepanda viazi humo?" Namkunda alilinawisha jitu moja la darasa la saba, nalo likainama mbele yake kwa adabu, kama lililo mbele ya mkwe. Wavulana wawili ambao hawakuwa wakisemeshana tangu mechi ya Ijumaa walijikuta wamefuatana, na mmoja hakuwa na budi kusimama na jagi mkononi, akimsubiri mwenzake amalize kujisugua. Wanaosema kwamba walipatana palepale wanatia chumvi. Lililothibitika ni kwamba walikula sinia moja.

Siku ya mkutano, jagi liliwasubiri wazazi mlangoni, na waliolishika ni watoto wao. Bwana Senzighe, mzazi aliyetaka jiko lifungwe kuliko wote, alinyoosha mkono wa kulia. Namkunda akasubiri. Akaendelea kusubiri.

"Baba, toa na huo, acha ubahili!" mama mmoja akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko, Senzighe naye akiwamo. Akatoa mkono wa pili. Jiko halikufungwa, kwa kuwa wazazi wenyewe walikiri kwamba watoto wao sasa walikuwa wakilala usiku kucha bila kulia matumbo.

Haki inadai yasikilizwe pia yanayopinga. Mvua zilikuwa zimekatika wakati ule, na wapo wanaosema kwamba maradhi yaliondoka na mvua. Huenda hilo lilichangia. Lakini mvua zilirudi, na maradhi hayakurudi kama yalivyokuwa. Na mpaka leo hakuna aliyesimama kulieleza hilo kwa namna nyingine.

Ushahidi ndio huo. Sheria ilikuwepo, maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo, na mikono ilibaki michafu mpaka mtu alipommiminia mwenzake. Amua mwenyewe, msikilizaji: mkono wako wa pili uko wapi, na jagi umelishika kwa ajili ya nani?