Mafuta ya Sili wa Pamba

Hapo zamani, kule ambako bahari huganda mpaka dubu weupe hutembea juu yake, alikuwako binti dubu aitwaye Pamba. Siku moja Pamba aliua sili peke yake kwa mara ya kwanza. Hakufurahi. Kwao, mafuta ya sili wa kwanza hupewa mama, wala hayagawanywi. Na Pamba alikuwa na mama watatu, wote wamekonda, na barafu ilikuwa inayeyuka. Ikiisha, hakuna kuwinda mpaka baridi irudi. Atakayeyakosa mafuta yale huenda asiione baridi hiyo.

Wa kwanza kufika alikuwa Mashavu, aliyemzaa.

"Mwanangu, nilichimba pango kwenye theluji, nikakuzaa humo, mdogo kama panya. Miezi minne sikutia kitu mdomoni, na bado ulinyonya."

"Halafu ukaniacha, mama."

Mashavu aliinamisha kichwa. "Barafu ilipasuka. Mlikuwa wawili, na mgongo wangu uliweza kuvusha mmoja. Kaka yako alikuwa mgonjwa, nikaanza na yeye. Niliporudi, hukuwapo."

"Asingekuwapo, nilikuwa naye mimi!" akadakia Zawena, dubu mwenye jicho moja. "Dume lilikuwa limemla mwanangu, maziwa yamenijaa mpaka yanauma. Nikamkuta huyu analia juu ya kipande cha barafu. Nikamnyonyesha. Dume lile liliporudi kumtaka na yeye, nilipigana nalo. Jicho langu lilibaki kwenye kucha zake."

"Jicho limekwenda, mdomo umebaki," akasema Bibi Kidawa, mama wa tatu, akija kwa kuchechemea.

Pamba alitaka kucheka, akashindwa.

"Mimi sikuzaa wala sikunyonyesha," bibi akaendelea. "Lakini Zawena, kwa jicho moja ulikuwa unarukia sili na kuangukia maji. Nani alimfundisha mtoto huyu kulala kando ya tundu ambapo sili huja kupumua, kutwa nzima, bila kukohoa? Akipiga chafya sili anakimbia, tunalala njaa wote. Namwambia, mjukuu wangu, anza upya. Misimu miwili! Bila mimi, leo mngegombania nini?"

"Bibi, wewe umeshaishi," alisema Zawena.

"Kwa hiyo nife?"

Ndipo Mashavu akasema kwa sauti ndogo, "Nina mimba. Nisiponenepa, huyu hatazaliwa."

"Na mimi siwezi kuwinda," akasema Zawena. "Pamba, unajua kwa nini siwezi."

Pamba alijua. Aliyajua yote, na kila alilolijua lilikuwa kweli. Barafu ililia chini ya miguu yake. Akalichana pande la mafuta kwa meno, akaliinua, akapiga hatua moja mbele.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Alitue mbele ya nani? Kati ya mama hawa watatu, nani alistahili?